Umekamatwa mwaloni: mwongozo kamili wa faini, hati na rufaa kwa mwenye mtumbwi

Sangara alikuwa na sentimita 48. Nilikuwepo akilazwa kwenye ubao wa kupimia pale mwaloni Kayenze, ufukwe wa Ziwa Victoria ambako mitumbwi hushusha samaki, pua imegusa ukingo, mkia umenyooshwa, na rula ikasema 48 wakati kanuni inataka 50. Nyuma yake wenzake kumi na kitu walikuwa wamepangwa kwenye turubai, baadhi wadogo kuliko yeye. Nahodha aliyewaleta, kijana wa tajiri mmoja jirani yetu (tajiri kwetu ni mwenye mtumbwi), alikuwa bado na koti la mvua linalodondosha maji. Ndani ya nusu saa karatasi tatu zilikuwa mezani na kijana ameshazisaini zote akiwa wima. Tajiri alipofika kwa bodaboda akitokea Igombe hakufoka. Aliuliza swali moja tu: "Umesaini nini, mwanangu?"

Kijana hakujua.

Mimi ni karani wa kambi. Naandika hesabu za mitumbwi, mafuta, barafu na madeni ya vibarua, na kwa kuwa najua kusoma karatasi za serikali nimejikuta nabeba mafaili ya watu kutoka mwaloni hadi kituoni, na kutoka kituoni hadi mahakamani. Si wakili. Ninachokiandika hapa ni njia ambayo kesi hizi hupita, hatua kwa hatua, na sehemu ambazo watu wetu hupoteza haki kabla hata hawajajua kwamba wanayo. Mfano wangu mkubwa ni uvuvi kwa sababu ndiyo kazi yetu, lakini mwenye boti ya abiria, mama wa dagaa Kirumba na aliyejenga kibanda ufukweni watakuta mengi yanawahusu.

1. Jua aliyekushika ni nani, na kwa sheria ipi

Ziwa hili lina wenyewe wengi. Maafisa uvuvi wana Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za 2009 pamoja na marekebisho yake. TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, wanaangalia usajili na usalama wa vyombo. Halmashauri ina sheria ndogo za ushuru na leseni. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina vibali vya kutumia maji na kutiririsha majitaka. Watu wa mazingira wana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ile inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Siku ya operesheni wanaweza kuja wote kwenye boti moja, na polisi juu yake.

Kwa hiyo swali la kwanza, baada ya "Shikamoo" au "Habari za kazi, afande", ni hili: naomba kuona kitambulisho, na naomba kujua nimevunja sheria gani, kifungu gani. Uliza kwa upole, andika jibu. Kama huna karatasi, andika kwenye simu au jitumie ujumbe. Andika saa pia. Saa ya kukamatwa itakuja kuwa na kazi kubwa mbele.

BMU, vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, nao wako, na nawaheshimu, kwa sababu wengi wao ni wavuvi wenzetu wanaojitolea. Ila BMU si mahakama. Wanaweza kushiriki doria na kutoa taarifa, lakini mwenyekiti wa BMU akikutajia faini ya kosa la jinai kutoka kichwani mwake, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

Jambo moja usifanye kamwe: usikimbie, usivute nyavu kutoka mikononi mwa afisa, usitupe mzigo majini. Karibu kila sheria ya aina hii ina kifungu cha kumzuia afisa asifanye kazi yake, na hilo ni kosa la pili kamili lenye adhabu yake. Nimeona mtu aliyekuwa na kosa dogo la leseni akimaliza na mashtaka mawili kwa sababu alikata kamba na kuwasha injini.

2. Tafuta karatasi yenyewe, siyo maneno ya mwaloni

Bunge hutunga sheria. Waziri hutunga kanuni chini ya sheria hiyo. Halmashauri hutunga sheria ndogo. Kanuni na sheria ndogo lazima zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na hapo hupewa namba ya Tangazo la Serikali, ile watu huiita GN. Kama siku haikutajwa, kanuni huanza kufanya kazi siku ilipotangazwa. Haiwezi kupingana na sheria mama iliyoizaa. Na Katiba, ibara ya 13(6), inasema hakuna mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa wakati anakitenda.

Maana yake mwaloni ni hii: tangazo la kipaza sauti, barua iliyobandikwa kwenye mti, au "mkuu amesema" si sheria mpaka kuna GN au sheria ndogo nyuma yake. Omba namba. Sheria na hukumu nyingi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Nyingine nyingi bado ziko kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Ukishindwa kuipata, nenda ofisi ya mwanasheria wa halmashauri uombe kuisoma.

Angalia pia kama unachoshika ndicho toleo la sasa. Kanuni za uvuvi zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2009, na kuna tajiri mmoja hapa aliyejitetea kwa nakala ya zamani iliyotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Hakimu alimsikiliza kwa uvumilivu mkubwa, kisha akamsomea marekebisho.

3. Soma kifungu cha adhabu kwa jicho la muuza duka

Vifungu vya adhabu vina maneno machache yanayobeba mzigo wote. "Isiyopungua" ni sakafu: hakimu hashuki chini yake kirahisi hata akikuhurumia. "Isiyozidi" ni dari: chini yake ana uwanja mpana. "Au" maana yake faini ama kifungo. "Vyote kwa pamoja" maana yake unaweza kulipa na kwenda ndani.

Chukua kanuni ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu ngazi zake zinaonekana wazi. Anayekutwa na mfuko au akiutumia: faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote. Anayeuza: isiyopungua 100,000 na isiyozidi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote. Mwenye kiwanda anaanzia milioni 20 na dari ni bilioni 1. Mfuko ni uleule. Kinachobadilisha bei ni kitenzi kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Mama anayefungia wateja dagaa Mwaloni Kirumba akiandikiwa "kusambaza" badala ya "kuuza" au "kukutwa na", ameruka ngazi bila kujua.

Kwenye samaki mambo ni yaleyale. Kuvua, kumiliki, kusafirisha, kununua, kuuza: kila kimoja ni kosa lake. Dereva wa gari la barafu hawezi kushtakiwa kwa kuvua. Mwenye nyavu zilizokunjwa stoo hajavua pia, ingawa kumiliki zana haramu, kama kokoro au timba, ni kosa linalojitegemea. Soma kitenzi kwanza, kisha kiasi, kisha jina lako kama limeandikwa sawasawa.

Halafu tazama adhabu ambazo hazina shilingi mbele yake, kwa sababu ndizo zinazoua kambi. Mahakama ikikutia hatiani inaweza kuamuru samaki, nyavu, mtumbwi, injini, hata gari vitaifishwe. Leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa. Kwa ujenzi wa ufukweni unaweza kuamriwa ubomoe na urudishe eneo lilivyokuwa kwa gharama zako. Nimewahi kuona mtu akishangilia faini ya laki tatu nje ya mahakama, hajasikia kwamba sentensi iliyofuata ilichukua injini.

4. Hati ya ukamataji: hapa kaa chini

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka afisa akichukua kitu chako atoe hati au risiti ya vitu alivyochukua, isainiwe na wewe uliyekutwa navyo na mashahidi waliokuwepo. Kesi nyingi huanguka au kusimama kwenye karatasi hii, kwa upande wa serikali na kwa upande wako pia.

Tatizo ni namna inavyoandikwa. Nimeshika hati iliyosema hivi, nukta kwa nukta: "Nyavu. Injini 1. Samaki kiasi." Basi. Nyavu ngapi? Za inchi ngapi? Injini gani? Samaki kiasi ni kilo 10 au 200? Miezi minne baadaye mwenye mali akaonyeshwa rundo la nyavu za makila zilizochakaa ambazo hajawahi kuziona maishani, na hati yake haikuwa na neno hata moja la kumsaidia.

Omba iandikwe hivi: nyavu vipande vingapi na tundu la ukubwa gani, injini ya kampuni gani, nguvu ngapi, na namba yake iliyogongwa kwenye bamba, mtumbwi namba ya usajili, samaki aina gani, kilo ngapi, na wangapi walio chini ya kipimo, kila mmoja na urefu wake. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya 25 ndio wanaotafutwa, kwa hiyo urefu ndio kesi yenyewe. Vipimo vikichukuliwa, tazama rula. Samaki alazwe bapa, asikunjwe. Piga picha samaki akiwa juu ya ubao, na picha nyingine ya turubai zima. Afisa akikataa picha, usigombane. Taja mashahidi waliokuwepo na uandike majina yao.

Kama afisa anaandika kwa haraka kwa sababu mawimbi yanaanza au mvua inakuja kutoka upande wa Ukerewe, mwambie kwa adabu utasubiri kituoni iandikwe vizuri. Ukilazimika kusaini hati yenye upungufu, ongeza kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nyavu hazikuhesabiwa mbele yangu," au chochote kilicho kweli. Hakuna sheria inayokukataza. Na usiondoke bila nakala. Nakala yangu huwa naipiga picha palepale, kwa sababu karatasi kambini haina maisha marefu: ikikwepa maji italiwa na panya.

5. Njia panda: kufifilisha kosa au kwenda mahakamani

Hapa ndipo kijana wa Kayenze aliposaini bila kukaa, na hapa ndipo nataka msomaji apoze chai yake.

Sheria nyingi za mamlaka, ya uvuvi ikiwemo, zinaruhusu kosa "kufifilishwa". Maana yake unakiri kosa kwa maandishi, unalipa kiasi kinachokubalika, na serikali haikupeleki mahakamani kwa kosa hilo. Ni kitu halali, na mara nyingi ni msaada: kesi inaweza kuchukua miezi, mtumbwi ukiwa umefungwa kwenye gati ukipasuka kwa jua, vibarua wametawanyika, na wewe unapanda kivuko kila baada ya wiki mbili kwenda kusikia "kesi imeahirishwa". Kwa mwenye kosa la wazi na faini anayoiweza, mimi mwenyewe humshauri afifilishe, alipe, arudi majini.

Lakini ielewe kwa jina lake. Si "faini ya papo hapo" kama ya barabarani. Ni kukiri. Ukishasaini umejiondolea nafasi ya kusema baadaye kwamba nyavu zilikuwa za jirani, au kwamba rula ilikuwa mbovu. Kukiri huko kunabaki kwenye faili, na ukikamatwa tena mwakani litafunguliwa.

Kabla ya kusaini, pitia maswali haya. Sheria husika inaruhusu kosa hili kufifilishwa? Si makosa yote yanaruhusiwa. Makosa mazito kama ya sumu na baruti yana njia yake. Huyu aliye mbele yangu ana mamlaka ya kufifilisha? Kwa kawaida ni mkurugenzi au afisa aliyempa mamlaka kwa maandishi, siyo kila mwenye jaketi la kazi. Kiasi hiki kinavuka dari ya faini iliyo kwenye kifungu? Kikivuka, uliza kwa nini. Mtu hawezi kulipa mezani zaidi ya ambacho hakimu angeruhusiwa kumtoza. Mali yangu inarudi baada ya malipo, na imeandikwa? Hili la mwisho wengi hulisahau. Mtu analipa akidhani injini inatoka siku hiyo, kumbe fomu inasema imetaifishwa.

Na nani anasaini? Nahodha akisaini kwa jina lake, amekiri yeye. Akisaini "kwa niaba ya mmiliki", amemkiria tajiri ambaye hata hayupo. Matajiri, waambieni manahodha wenu jambo hili kabla ya safari: taja jina lako, toa ushirikiano, saini hati ya vitu vilivyochukuliwa, lakini karatasi ya kukiri kosa isubiri simu ya mwenye chombo. Ni sentensi moja. Ingemwokoa yule kijana.

Ukikataa kufifilisha, hakuna afisa anayeweza kukuadhibu kwa kukataa. Anachoweza ni kukupeleka mahakamani, na huko ni haki yako kusikilizwa. Akikutisha kwamba "mahakamani utafungwa", rudi kwenye hatua ya tatu usome kifungu: je, kina kifungo? Cha muda gani? Mara nyingi hofu hupungua nusu ukishaona namba.

6. Kulipa

Malipo ya serikali hulipwa kwa kontroli namba: tarakimu 12, zinaanza na 99. Unalipa benki au kwa simu, na unapata stakabadhi. Hakuna "tuma kwa namba hii ya wakala halafu nitakuletea risiti kesho". Hakuna nusu kwa kontroli namba na nusu mkononi. Anayekuambia hivyo anaomba rushwa, na sheria ya rushwa ya 2007 inamkamata anayetoa kama inavyomkamata anayepokea. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Najua inavyokuwa. Saa kumi alfajiri, samaki wanaharibika, mtu anakuambia laki moja yaishe. Nimeona waliolipa hiyo laki, na wiki mbili baadaye doria nyingine ikawakamata na nyavu zilezile, bila karatasi ya kuonyesha.

7. Ukifikishwa polisi

Mambo matatu. Kwanza, ukikamatwa bila hati ya mahakama kwa kosa la kawaida, unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, la sivyo upewe dhamana ya polisi. Kutoka Ukara au Kome kuna maji katikati, na maafisa wataeleza hilo; ndiyo sababu nilisema uandike saa. Dhamana haiuzwi.

Pili, polisi wana saa 4 za msingi za kukuhoji tangu uwekwe chini ya ulinzi, ukitoa muda wa safari, isipokuwa waongezewe kwa utaratibu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo wakili wako anaweza kuyapinga.

Tatu, una haki ya kukaa kimya na ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki unapohojiwa. Ukiamua kuandika maelezo, yasome yote kabla ya kusaini. Kama husomi vizuri, omba yasomwe kwa sauti mbele ya ndugu yako.

8. Mahakamani: neno moja linaweza kukugharimu

Utasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Watu wetu wana adabu, na adabu hiyo inawaponza. Hakimu anauliza, mtu anajibu: "Ni kweli mheshimiwa, nyavu zilikuwa mtumbwini, lakini nilikuwa nazipeleka kwa BMU kuzisalimisha." Hilo si kukiri. Ni utetezi, na linatakiwa liandikwe kama kukana. Ukijibu "ni kweli" ukanyamaza kwa kudhani utaeleza baadaye, utatiwa hatiani kwa kukiri kwako mwenyewe, na ukitiwa hatiani hivyo rufaa yako inabanwa: unaweza kulalamikia uhalali au ukubwa wa adhabu, si hatia yenyewe, labda uonyeshe kwamba kukiri hakukuwa kamili. Kama una "lakini", anza sentensi kwa "si kweli".

Vielelezo vinavyooza vina habari yake. Samaki hawakai hadi hukumu, kwa hiyo huombwa amri ya hakimu wagawiwe, wauzwe au wateketezwe, na huandikwa orodha. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mshtakiwa anatakiwa awepo na asikilizwe kabla ya amri hiyo kutolewa, na picha zipigwe. Ukipelekwa, usikae kimya kwa kudhani ni utaratibu tu. Sema kilo, sema urefu, sema kama unapinga idadi. Kama samaki waligawiwa bila wewe kujua, mwambie wakili wako siku ya kwanza.

Waliokuwepo ziwani mwaka 2018 wakati wa Operesheni Sangara wanaikumbuka harufu ya nyavu zikiungua. Kwa nyavu vilevile, uliza iko wapi amri ya kuziteketeza.

Ukitiwa hatiani, unapewa nafasi ya kujitetea kupunguziwa adhabu. Usilie tu kwamba una watoto. Hakimu amesikia watoto tangu asubuhi. Mwambie ni kosa lako la kwanza, onyesha leseni zako za miaka iliyopita, stakabadhi za ushuru, barua ya mtendaji wa kijiji. Sheria inampa hakimu nafasi ya kukuachilia kwa masharti, na kwa vifungo visivyozidi miaka 3 ipo pia huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002. Haziji zenyewe, ziombe kwa jina.

Kwa kesi za usalama wa chombo, tegemea huruma ndogo. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara ilikuwa kivuko cha watu 101, na waliokufa walizidi 200. Mtu anayesimamishwa kizimbani kwa kujaza boti bila jaketi okozi anahukumiwa na watu wenye makaburi hayo kichwani, na siwalaumu.

9. Rufaa: hesabu siku, usihesabu miezi

Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, toa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Siku 10 ndizo zinazoua wengi: mtu anatoka mahakamani Mwanza mjini, anarudi kisiwani kutafuta hela ya wakili, akirudi ni siku ya 14. Taarifa ya nia ni karatasi fupi. Iache kabla hujapanda boti. Kuanzia siku hiyohiyo omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa barua, ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kama kilichokuumiza si hukumu bali uamuzi wa mamlaka, mfano leseni kufutwa bila kusikilizwa, angalia kwanza kama sheria husika ina ngazi ya rufaa ya ndani, kwa waziri au baraza. Ukimaliza hapo, kuna maombi ya mapitio Mahakama Kuu. Kibali chake kiombwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Hoja yako kubwa mara nyingi itakuwa ibara ileile ya 13(6): haki ya kusikilizwa.

Kuishtaki serikali kwa fidia ni safari nyingine. Unatoa kwanza taarifa ya siku 90 kwa maandishi, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Hiyo usiibebe peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, nao wako hadi wilayani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako itakuelekeza.

10. Kuchukua mali yako

Umeshinda, au umefifilisha na karatasi inasema injini irudi. Nenda na amri ya mahakama au fomu ya malipo, stakabadhi, na ile hati ya ukamataji ya siku ya kwanza. Nenda na fundi. Kabla hujasaini kwamba umepokea, soma namba ya bamba uilinganishe na hati, fungua kifuniko, vuta kamba ya kuwashia, tazama pangaboi.

Yule tajiri wa Igombe alilipa, akafuata injini baada ya wiki tatu. Ilikuwa yake, namba inalingana, ila kabureta haikuwemo. Safari hii alikuwa na nahodha wake pembeni, na kijana ndiye aliyechukua kalamu. Alikaa kwenye benchi, akasoma karatasi yote kwa kidole, kisha juu ya sahihi yake akaandika kwa herufi kubwa: "NIMEPOKEA INJINI BILA KABURETA."